Mashine Yaandika, Mtu Asahihisha

Wanafunzi wetu wa Magamba, na ninyi nyote mnaosikiliza katika madarasa ya milima ya Usambara, natumaini mmekwisha kuketi, na kiongozi wa kundi amekwisha kuwagawia kurasa za somo. Fuateni kwa kidole ninaposoma.

Leo tutazungumza juu ya maelezo. Maelezo ni maneno yanayomwambia mtu namna ya kutumia kitu au kukitengeneza. Zamani maelezo yote yaliandikwa na mtu. Siku hizi mengine hutolewa na kompyuta yenyewe. Basi swali letu ni hili: ikiwa mashine yaandika, mtu amebakiwa na kazi gani?

Tuanze kitaluni. Mkulima wa Magamba ana matuta matano ya miche. Kwenye kila tuta amechomeka kibao: hapa kabichi, hapa karoti, hapa vitunguu. Kila asubuhi humtuma mtoto wake kupita matutani, kunakili maneno ya vibao katika daftari na kulileta nyumbani. Mtoto ana hati nzuri, wala haruki kibao hata kimoja.

Siku moja mkulima ang'oa kabichi, apanda figili, lakini kibao akiacha vilevile. Kesho yake mtoto aandika nini? Aandika "kabichi". Daftari ni safi, mistari imenyooka, lakini lasema uongo. Mnunuzi akilisoma ataagiza kabichi zisizokuwapo. Je, kosa ni la mtoto? Sivyo. Mtoto alinakili alichokiona. Kosa ni la aliyebadili tuta asibadili kibao.

Shikeni mfano huo, kwa maana kompyuta hufanya kazi kama mtoto yule.

Sasa tuangalie roboti. Roboti ni mashine inayojongea kwa kufuata amri zilizoandikwa katika kompyuta. Amri hizo huitwa programu. Ziko programu ambazo wenyewe wameziacha wazi: mtu yeyote aweza kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha. Hizo huitwa programu huria. Fundi anapoandika amri, huweka kando yake sentensi fupi ya kueleza kazi yake, kwa mfano: "Amri hii husogeza kioo upande wa kulia." Sentensi hiyo ndiyo kibao. Kisha programu nyingine, kama ile iitwayo Doxygen, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1997, hupita katika amri zote, hukusanya sentensi hizo, na kutoa kurasa za maelezo. Huyo ndiye mtoto mwenye daftari.

Labda mwasema moyoni, "Mambo haya ni ya ng'ambo, yatuhusu nini?" Basi sikilizeni habari ya hapa Tanzania.

Ninyi mwajua kwamba ukishuka kutoka huku kwenye baridi hadi Mombo, waingia nchi ya joto na ya mbu. Mtu akipata homa hupimwa damu. Njia moja ya kupima ni kuweka tone la damu juu ya kioo na kulitazama kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo mno. Mpimaji huvitafuta vijidudu vya malaria kwa jicho lake. Kazi hiyo yataka subira, na hadubini nzuri ni ghali.

Watu wa Chuo Kikuu cha Bath kule Uingereza, wa Taasisi ya Afya Ifakara, na wa karakana ya Bongo Tech and Research Labs ya Dar es Salaam walishirikiana katika kazi ya hadubini iitwayo OpenFlexure. Mwaka 2020 habari za kazi hiyo zilitangazwa katika jarida la kitaalamu. Sehemu nyingi za hadubini hiyo ni za plastiki, nazo huchapwa na mashine inayopanga plastiki tabaka juu ya tabaka. Ndani yake mna kamera na kompyuta ndogo. Mota tatu ndogo husogeza kioo cha damu kulia na kushoto, mbele na nyuma, na kurekebisha umbali wa lenzi ili picha ionekane vizuri. Kwa hiyo hadubini hiyo nayo ni roboti. Michoro na programu zake ni huria. Imechapwa na kuundwa Dar es Salaam, wala haikulazimika kuja na meli ikiwa imekamilika.

Lakini mtu wa mbali aijengeje ikiwa hakuwapo ilipobuniwa? Kwa maelezo. Waliobuni hadubini hiyo walitengeneza pia chombo cha kuandikia maelezo, kiitwacho GitBuilding. Mwandishi huandika hatua kwa hatua: chukua skrubu mbili, funga hapa, chukua lenzi moja, weka pale. Kila kitu anachokitaja hukitia alama na idadi yake. Kisha chombo chenyewe hujumlisha na kutoa orodha ya vitu vyote vinavyotakiwa. Hatua moja ikibadilishwa kutoka skrubu mbili kuwa tatu, orodha nayo hubadilika bila mtu kuhesabu upya. Huo ni msaada mkubwa.

Hata hivyo, fikirini. Fundi abadili umbo la hadubini, skrubu ziwe tatu, lakini asahau kusahihisha ile hatua. Mashine itajumlisha kwa uaminifu, na jumla itakuwa na kosa. Mtu aliye mbali na mji atanunua skrubu pungufu. Na kama kosa ni juu ya mahali pa lenzi, picha itakuwa ya ukungu, na anayetazama damu ya mgonjwa hatakiona kijidudu kilichomo. Basi neno moja lisilosahihishwa laweza kumfikia mtu aliyelala na homa.

Mashine yaweza kumwonya fundi kwa mambo fulani. Yaweza kusema, "Amri hii haina maelezo." Yaweza kusema, "Jina hili halilingani na lile." Lakini haiendi shambani kutazama kama chini ya kibao mna kabichi au figili.

Kazi hii ni kubwa duniani. Mwaka 2007 kule California ilianzishwa jamii ya programu huria za roboti iitwayo Robot Operating System, kwa kifupi ROS. Programu zake hufungwa katika vifurushi vingi, na kila kifurushi kina karatasi yake ndogo: jina la kifurushi, namba ya toleo, na jina la mtunzaji. Mashine husoma karatasi hizo na kutoa kurasa za maelezo. Toleo la mwisho la ROS ya kwanza, liitwalo Noetic, lilitoka mwaka 2020, na matunzo yake yalikoma mwezi wa Mei 2025. Kurasa za zamani hazifutiki siku hiyo. Kwa hiyo msomaji hana budi kutazama kwanza: maelezo haya ni ya toleo gani?

Basi tukumbuke mambo matatu. Kwanza, anayebadili kazi abadili maneno siku ileile. Pili, kila ukurasa uonyeshe ni wa toleo gani. Tatu, maelezo yajaribiwe na mtu ambaye hakuyaandika.

Jambo la tatu lawahusu ninyi. Fundi anayekijua chombo husoma kisichoandikwa, kwa sababu kimo kichwani mwake. Msomaji mgeni husoma kilichoandikwa tu, naye ndiye anayejikwaa penye shimo. Ukifuata maelezo ukakwama, usiseme upesi, "Mimi ni mjinga." Soma tena polepole. Ukikwama palepale, andika: nilikwama hapa, nilitarajia hivi, nikaona hivi. Mpelekee mtunzaji. Katika programu huria barua kama hiyo ni msaada, nayo haihitaji cheti.

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nasi tuongeze: daftari nalo lataka jicho.

Kazi ya juma hili: kila mmoja aandike hatua tano za kupanda viazi mviringo. Mpe jirani karatasi yako aifuate mbele yako, nawe unyamaze kabisa. Akisimama na kukutazama usoni, weka alama mahali hapo. Rudi uandike upya, na uweke tarehe. Tutazisoma pamoja katika somo lijalo.

Kwaherini.