Nepi za Mtoto: Kuzifua na Kuzikausha



Nepi iliyofuliwa si lazima iwe nepi safi. Yaweza kuwa nyeupe, isiyo na doa wala harufu, na hali imebeba vitu vitatu vya kumdhuru mtoto: mabaki ya sabuni, vijidudu vya maradhi, na mayai ya nzi. Mama aliyefua kwa bidii hushangaa kuona mwanawe ametokwa na vipele mapajani, naye hudhani ni joto, au ni meno. Kumbe madhara yametoka katika nguo.

Jambo la kwanza ni kinyesi. Wengi husema kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, kwa kuwa yeye hunyonya maziwa tu. Sivyo. Kinyesi chake chaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, sawasawa na cha mtu mzima. Kwa hiyo yapasa kitupwe chooni, na maji ya kwanza ya kusuuzia nepi yamwagwe huko huko, wala si mtoni ambako wengine huchota maji ya kunywa. Kisha mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Nepi zikingojea kufuliwa, na ziwekwe katika ndoo yenye kifuniko, ambayo haitumiwi kwa kazi nyingine yoyote. Ndoo yenye maji isiachwe wazi chini, kwa maana mtoto anayeanza kutembea aweza kutumbukia kichwa na kufa maji, hata yakiwa machache.

Kufua kwenyewe kuna utaratibu. Nepi yenye kinyesi isuuzwe kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huligandisha doa katika nyuzi. Ndipo ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha isuuzwe tena na tena mpaka maji yawe meupe bila povu. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuona uchungu wa maji. Afadhali sabuni kidogo na maji mengi kuliko sabuni nyingi na maji kidogo, kwa maana sabuni iliyobaki huchoma ngozi kila mtoto anapokojoa. Dawa ya klorini, ikitumiwa, iwe kidogo, tena katika nepi zilizokwisha suuzwa, kwa kuwa klorini ikichanganyika na mkojo au siki hutoa hewa mbaya ya sumu.

Kila kitambaa kina tabia yake. Kitambaa chepesi cha pamba, kama melimeli au kanga kuukuu iliyokatwa vipande, ni rahisi kuliko vyote. Huvumilia kuchemshwa katika sufuria, hustahimili pasi ya moto, na kikikunjuliwa hukauka upesi. Taulo na flaneli hunyonya mkojo zaidi, lakini hushika sabuni na kuchelewa kukauka. Pamba mpya ambayo bado ina mafuta yake ya asili haina budi kufuliwa mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, ama sivyo mkojo utateleza juu yake.

Kitambaa kiitwacho cha mianzi hunyonya sana, lakini nyuzi zake hudhoofika zikilowa, basi kisikamuliwe kwa kupindwa kwa nguvu. Sufu, ambayo wengine huvalisha juu ya nepi, ifuliwe kwa maji ya vuguvugu na kuanikwa imelazwa, kwa maana ikichemshwa hujikunja na kuwa ngumu. Kifuniko cha plastiki kisichemshwe wala kupigwa pasi. Kioshwe kwa maji ya vuguvugu na kuanikwa.

Sasa tuje kwenye kukausha, ambako kazi njema ya kufua huharibiwa mara nyingi. Kuna nzi mmoja, ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga, apendaye kivuli. Hutaga mayai yake katika nguo mbichi, hasa zenye harufu ya mkojo, na katika mchanga. Baada ya siku 1 hadi 3 mayai huanguliwa, na mabuu madogo mno huingia katika ngozi ya mtoto bila yeye kuhisi. Hapo huota uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati. Mama asiukamue kwa nguvu, kwa sababu buu likipasuka ndani huleta uchungu zaidi. Ampeleke mtoto kwenye zahanati.

Kinga yake haina gharama kubwa. Nepi zianikwe juu ya kamba penye jua kali, wala si juu ya majani, ua au mchanga. Ziwe zimekunjuliwa, na zenye tabaka nyingi zigeuzwe. Zianuliwe kabla ya umande kuanguka. Baada ya hapo nepi za pamba zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, na hasa kwenye mishono, kwa kuwa moto wa pasi huua mayai yaliyobaki.

Wakati wa masika, jua likikosekana siku nyingi, kamba na ifungwe ndani ya nyumba penye hewa, na nepi nyepesi zitumiwe kuliko nene. Nepi nene yaweza kuwa kavu nje na mbichi ndani. Ili kuijua, na ibanwe shavuni kwa muda kidogo: ikileta baridi, bado.

Baba naye ana sehemu yake. Mtoto mchanga aweza kulowesha nepi 10 au zaidi kwa siku moja, na maji ya kazi hiyo ni mengi. Baba anayechimba choo, akasimamisha nguzo mbili na kufunga kamba penye jua, na kusaidia kuteka maji, amemkinga mwanawe sawasawa na mama anayefua.

Basi nepi isihesabiwe kuwa safi ikitoka katika beseni. Ni safi ikiwa imesuuzwa mpaka povu limekwisha, imekauka mpaka ndani, na imepitiwa na pasi. Hapo ndipo ifaapo kumvika mtoto.