Sema Kabla ya Kulipa: Haki ya Kurudisha Nguo Dukani, Thika na Ruiru



Januari moja nilimnunulia mtoto sweta ya shule mjini Thika. Nilimtajia muuzaji jina la shule na darasa. Akapanda ngazi, akateremsha sweta ya rangi ya damu ya mzee, akasema ndiyo yenyewe. Nikalipa kwa M-Pesa. Jumatatu mtoto alirudi na barua kutoka kwa mwalimu: rangi ya shule imeiva zaidi ya hiyo. Niliporudi dukani nilionyeshwa mstari ulio chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikaondoka na sweta yangu kwapani.

Miezi kadhaa baadaye niliketi nikaisoma sheria yenyewe. Niligundua kwamba siku ile haki ilikuwa yangu, tena ilikuwa yangu kwa sababu ya maneno machache niliyoyasema kabla ya kutoa simu mfukoni. Mada yangu ni maneno hayo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka 1931. Mwili wake ni sheria ya Uingereza ya 1893. Kifungu cha 16 kinasema hivi kwa ufupi: mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, ikawa anategemea ujuzi wake, na bidhaa ni ya aina ambayo muuzaji huyo huuza, basi muuzaji amekubali kwamba itaifaa kazi hiyo, hata kama hakutamka lolote. Sweta yangu haikuwa na tobo wala uzi uliofumuka, na mtoto ilimkaa vizuri. Lakini niliitaka kwa shule fulani, nikaitaja, na aliyechagua ni muuzaji. Hapo ndipo nguo nzima, isiyo na kasoro, inapogeuka kuwa nguo isiyofaa mbele ya sheria. Kama ningeingia nikanyoosha kidole, "Nipe ile", rangi isingekuwa shida ya mwenye duka.

Kuna kesi moja ambayo wanafunzi wa sheria hawaikwepi, na inahusu nguo za ndani. Mwaka huohuo wa 1931, daktari mmoja wa Adelaide, Australia, aliyeitwa Richard Grant, alinunua suruali za ndani za sufu. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya dawa ya kiwandani ambayo hayakusuuzwa vya kutosha. Ngozi yake ikaharibika vibaya, akaugua kwa muda mrefu. Mwaka 1935 Baraza la Faragha mjini London, ambalo wakati huo lilikuwa pia kituo cha mwisho cha rufaa zetu za Afrika Mashariki, liliamua kwamba duka na kiwanda wote wanawajibika. Muuzaji hakuweza kujitetea kwamba hakuambiwa nguo ni ya nini, maana nguo ya ndani ina kazi moja tu, kuvaliwa mwilini. Kwa hiyo kazi iliyo wazi haihitaji kutajwa. Inayohitaji kutajwa ni ile ambayo muuzaji hawezi kuibahatisha: sare ya shule fulani, gauni la msimamizi wa arusi linalotakiwa Jumamosi, koti la mvua la mtu wa bodaboda.

Basi ule mstari wa risiti una nguvu gani? Kwa nguo mbovu au isiyolingana na maelezo, hauna. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya habari anazozihitaji, na fidia pale kasoro inapomtia hasara. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 ikaongeza kwamba sharti lolote linalojaribu kufuta kinga za Sura ya 31 ni batili. Mwenye duka anaweza kuuchapa mstari huo kwa wino wa dhahabu na bado usifute haki ya aliyeuziwa suruali yenye zipu mbovu.

Hata hivyo, lazima niseme kweli kwa upande wa pili, kwa sababu nimewasikia wengi wakidai wasilostahili. Umenunua gauni Ruiru, ukalijaribu, ukalipenda, ukafika nyumbani mume akasema halikukai. Sheria haikupi chochote. Saizi uliyoichagua mwenyewe ikikubana, haikupi chochote. Uingereza kwenyewe, duka halilazimiki kupokea nguo nzima ambayo mnunuzi ameigeuzia moyo. Siku 14 za kughairi zinazosifiwa sana ni za mauzo ya mbali, kama ya mtandaoni. Maduka yanayokubali kukubadilishia ndani ya siku kadhaa yanafanya hivyo kwa hiari. Hiari hiyo, ikitamkwa kabla ya malipo, inakuwa sehemu ya mapatano. Kwa hiyo uliza: "Isipomtosha nitabadilishiwa?" Akijibu ndiyo, mwombe aandike nyuma ya risiti, saizi na tarehe. Hakuna muuzaji mwema anayechukizwa na hilo.

Sasa mitumba, ambayo ndiyo inayotuvisha wengi wetu. Sheria inasema mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Pale soko la Jamhuri, Thika, shati liko mkononi mwako na jua liko juu. Liinue, litazame kwapa na kola. Suruali unaizungusha shingoni kupima kiuno, na zipu unaivuta. Ukinunua fagia, yaani mitumba ya daraja la mwisho, kwa bei ya fagia, usitegemee kamera, ile ya daraja la kwanza. Muuzaji akikuambia ni pamba tupu, hayo ni maelezo na yanambana. Thika ina viwanda vya nguo, Thika Cloth Mills kikiwa kimojawapo, na wazee waliowahi kufanya kazi viwandani watakufundisha kuchoma uzi mmoja: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu.

Naomba pia tumtazame mwenye kibanda. Yeye alilipia beli la mitumba soko la Gikomba, Nairobi, kabla halijafunguliwa. Likiandikwa mashati ya wanaume na ndani mkatoka mapazia, hasara ni yake, na baadhi ya ukali anaotuonyesha umeanzia hapo. Lakini beli linalouzwa kwa maelezo linafungwa na Sura ya 31 ileile, kwani sheria hiyo humlinda mnunuzi yeyote, mfanyabiashara akiwemo. Haki anayomnyima mteja ndiyo anayoihitaji kwa aliyemuuzia beli. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote tutakayoyajadili leo, na ningependa wauza mitumba walio hapa walipeleke mbele kama chama.

Ukigundua kasoro, usikawie. Ukiifua nguo, ukiikata lebo, ukiipeleka kwa fundi aipunguze, umeipokea. Utaweza kudai fidia, lakini kuirudisha ni vigumu. Piga picha. Tunza ujumbe wa M-Pesa, una tarehe, saa, kiasi na jina la duka, hata kama risiti imepotea. Zungumza kwanza na mwenye duka, si kijana wa zamu. Asiposikia, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Na kwa hasara kubwa, kama sare za kwaya nzima, iko Mahakama ya Madai Madogo hapa Thika: inasikiliza madai ya mauzo ya bidhaa yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kwa shati la shilingi 800 sitamshauri mtu apange foleni mahakamani. Shati la 800 linatatuliwa kaunta, na kwa hiyo maneno ya kaunta ndiyo tuyatengeneze.

Pendekezo langu kwa wenye maduka ni hili. Ule mstari wa chini ya risiti ufutwe, na mahali pake paandikwe: "Nguo yenye kasoro au isiyolingana na maelezo tutaipokea na kurudisha pesa. Saizi tutabadilisha ndani ya siku 7, ikiwa haijavaliwa." Idadi ya siku tunaweza kubishania. Nimekuja na nakala za kutosha za maneno hayo, na msimu wa sare bado haujaanza. Naomba kila meza ichukue moja na kalamu.