Ushuru wa Filamu za Picha na Nchi Zisizo na Bahari

Katika mazungumzo yetu ya leo tutalizungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa maofisa wa forodha na mawakala wa mizigo, nalo ni namna filamu za picha zinavyopangwa katika vitabu vya ushuru, na malipo yanayodaiwa juu yake zinapovuka mpaka. Huenda baadhi yenu mkashangaa. Mtasema, siku hizi kila kijana ana kamera ndani ya simu yake, filamu ni ya nini tena?

Jibu liko hospitalini. Katika ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu zipo hospitali nyingi ambako daktari bado huiinua filamu ya eksirei mbele ya mwanga ili aone mfupa uliovunjika au pafu lililoingiwa na kifua kikuu. Filamu hiyo si bidhaa inayotengenezwa kwetu. Hutoka ng'ambo, hushushwa bandarini Dar es Salaam, kisha husafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kuingia Bujumbura. Ushuru hauhesabiwi juu ya bei ya kiwandani peke yake, bali pamoja na bima na nauli ya kuifikisha bandarini. Baada ya hapo huja nauli ya barabara, gharama za ghala, na ujira wa wakala. Mwananchi aliye mwisho wa njia ndefu hiyo ndiye anayelipa yote, naye hana habari kwamba sehemu ya malipo yake ilikwisha kuamuliwa na mtu aliyeandika tarakimu nne juu ya karatasi.

Tarakimu hizo zinatoka wapi? Tarehe 14 Juni 1983, mjini Brussels, mataifa yalitia saini mkataba wa kuwa na mfumo mmoja wa kuzipanga bidhaa zote zinazouzwa duniani. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na leo nchi na himaya zaidi ya 200 zinautumia. Kila bidhaa, tangu punda hadi boti, ina sura yake na kifungu chake. Filamu za picha zimo katika Sura ya 37. Filamu bapa ambazo hazijapigwa picha ziko katika kifungu cha 37.01, na zile za kukunjwa kama mkanda katika 37.02. Karatasi za kusafishia picha ni 37.03. Dawa zake ni 37.07.

Sasa tazameni ajabu iliyopo hapo katikati. Mkanda uleule, wa kiwanda kilekile na uzito uleule, ukikwisha kupigwa picha lakini ukawa haujasafishwa, huhama ukaingia kifungu cha 37.04. Ukisafishwa, huhama tena: ukiwa wa sinema unakuwa 37.06, na ukiwa wa picha za kawaida unakuwa 37.05. Yaani mwanga uliopita juu yake kwa sehemu ndogo ya nukta umetosha kuufanya bidhaa nyingine mbele ya sheria. Jambo hili si mchezo wa maneno. Kwa miaka mingi watengenezaji wa sinema wa Kiafrika walilazimika kupeleka mikanda yao Ulaya ili isafishwe, kwa kuwa maabara za kazi hiyo zilikuwa haba barani mwetu. Mkanda uliondoka ukiwa 37.04, ukarudi ukiwa 37.06, na mwenyewe akasimama mbele ya meza ya forodha kueleza kwa nini sura za watu wa kijiji chake zinaingia nchini kama bidhaa za kigeni.

Tena upo ugumu ambao afisa wa forodha haupati kwa bidhaa nyingine. Gunia la mchele akilitilia shaka hulitoboa. Pipa la mafuta hulipima. Lakini sanduku la filamu atalifunguaje? Akilifungua mchana, mwanga unaingia na mali yote imekwisha. Hawezi kuhakikisha kwa macho kama mkanda umepigwa picha au la, bila ya kuuharibu mkanda wenyewe. Analobaki nalo ni maandishi ya nje ya sanduku, hati ya mauzo, na uaminifu wa mwenye mzigo. Na uaminifu, kama mjuavyo, si kitu kinachopatikana kwa wingi katika maghala ya mipakani. Matokeo yake ni mabishano, na mabishano ni muda. Filamu ina tarehe ya mwisho ya kutumika, tena haipendi joto. Siku zinazopotea katika ghala la mabati, jua likiwa utosini, ni siku za uhai wa filamu hiyo. Hospitali inaweza kushinda hoja yake, ikapewa haki yake kamili, halafu ikapokea masanduku ambayo picha zake zitatoka na ukungu.

Filamu ya eksirei ina mahali pake maalumu ndani ya vifungu hivi, ikiwa bapa katika 3701.10, na ikiwa ya mkanda katika 3702.10. Imewekwa katika sura hiyo kwa sababu ufafanuzi wa neno «picha» ulioandikwa mwanzoni mwa Sura ya 37 hautaji mwanga peke yake, bali na miali ya namna nyingine inayofanya kazi juu ya uso wenye kuhisi. Waliouandika walikuwa watu waangalifu. Lakini siku hizi mashine nyingi za hospitali huchapa picha juu ya filamu kavu, na baadhi yake hufanya kazi kwa joto la kichwa cha mashine, pasipo mwanga wowote kuigusa filamu. Ndipo swali lilipozuka: je, hiyo nayo ni filamu ya picha, au ni karatasi ya plastiki yenye dawa juu yake, ambayo itafutiwe sura nyingine? Kwa mgonjwa ni kitu kimoja. Kwa kitabu cha ushuru cha zamani iliwezekana vikawa viwili.

Ndugu wasikilizaji, wako watu wanaodhani kwamba dawa ya matatizo haya yote ni kufuta ushuru tu. Kuhusu jambo hilo inafaa tuukumbuke ugomvi mkubwa uliopata kutokea duniani kwa ajili ya filamu, ambao ulikuwa kati ya Marekani na Japani.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa na takriban asilimia 70 ya soko la filamu nchini kwake, na mpinzani wake, Fuji ya Japani, alipata huko kama asilimia 10. Nchini Japani hali ilikuwa kinyume chake kama sura katika kioo, Fuji kama asilimia 70, na Kodak kama 10. Mwezi Mei 1995 Kodak ilipeleka malalamiko kwa serikali yake kwamba soko la Japani limefungwa. Japani ikauliza, limefungwaje? Na swali hilo lilikuwa na uzito. Katika mapatano ya Duru ya Tokyo, yaliyomalizika mwaka 1979, Japani ilikuwa imekubali kuteremsha ushuru wa filamu za rangi hadi asilimia 4, na katika Duru ya Uruguay, mwaka 1994, ikaahidi kuuondoa kabisa. Mlango wa forodha ulikuwa wazi.

Marekani ilijibu kwamba mlango wa mbele ulikuwa wazi lakini ua wa ndani ulikuwa na miiba. Ilidai kwamba serikali ya Japani, kila ilipopunguza ushuru, ilizisaidia kampuni zake kuwafunga wauzaji wa jumla ili wauze filamu ya aina moja tu. Kwamba sheria iliyozuia kuenea kwa maduka makubwa ilibana mahali ambapo filamu za kigeni zingeweza kuuzwa. Na kwamba kanuni za zawadi na matangazo ziliwanyima wageni njia ya kujitambulisha kwa wanunuzi. Mwezi Juni 1996 shauri likapelekwa mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Jopo la waamuzi lilichambua hatua hizo moja baada ya nyingine, na taarifa yake ikatolewa tarehe 31 Machi 1998. Marekani ilishindwa. Waamuzi walisema haikuthibitishwa kwamba hatua hizo zilivuruga nafasi ya filamu za kigeni iliyotarajiwa baada ya ushuru kupunguzwa, na baadhi ya hatua zilikuwa zikijulikana tangu kabla ya mapatano kutiwa saini. Marekani haikukata rufani, na taarifa hiyo ikapitishwa mwezi Aprili mwaka huohuo.

Wazee wetu walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi hazikuumia sana, zilikuwa mbali. Lakini zilikuwa na masikio. Tulilolisikia ni kwamba ushuru wa sifuri haumfikishii mnunuzi bidhaa kwa bei nafuu ikiwa njia ya kati imeshikwa na wachache. Kwa upande wa Kodak, mahasimu hawa walipokuwa wakigombania nafasi ya filamu katika rafu za maduka, kamera zisizotumia filamu zilikuwa zimekwisha kuanza kuuzwa, na mwezi Januari 2012 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Turudi nyumbani. Burundi, pamoja na Rwanda, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na miaka miwili baadaye ikaanza kuzifuata taratibu za Umoja wa Forodha. Umoja huo, ulioanza kazi mwaka 2005, ulijengwa juu ya ngazi tatu: malighafi na mitambo asilimia 0, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Ngazi ya nne ya asilimia 35 iliongezwa mwezi Julai 2022. Mpango huu una mantiki yake, maana unakusudia kuvilinda viwanda vyetu. Lakini filamu unaiweka wapi? Kwa kiwanda cha ng'ambo ni bidhaa iliyokamilika. Kwa fundi wa eksirei ni malighafi, kama unga kwa mwoka mikate. Nionavyo mimi, bidhaa ambayo hakuna kiwanda chetu kinachoitengeneza, na ambayo haina kazi mpaka itumiwe kutengenezea kitu kingine, haistahili kutazamwa kwa jicho lilelile linalotazama viatu au samani.

Wala wazo la kuvihurumia vitu vya namna hii si geni. Mapatano ya Beirut ya mwaka 1948 yalihusu filamu na sauti zenye manufaa ya elimu. Mapatano ya Florence ya mwaka 1950 yalipanua wigo huo hadi vitabu na vyombo vya sayansi. Na tarehe 26 Novemba 1976, mjini Nairobi, katika Mkutano Mkuu wa UNESCO, ilipitishwa Itifaki ya kuyaongezea nguvu Mapatano ya Florence, ikaanza kutumika tarehe 2 Januari 1982. Jina la mji wa Afrika Mashariki limo katika itifaki hiyo, nayo inataja picha na filamu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya yetu, ya mwaka 2004, nayo ina orodha ndefu ya misamaha. Taabu ni kwamba msamaha hauji wenyewe. Lazima uombwe, kwa hati zilizo kamili, na mtu anayejua kwamba upo. Chuo kikubwa cha mji mkuu kina mtu huyo. Zahanati ya misheni kule milimani haina.

Kwa sababu hiyo yafaa wakuu wa hospitali na wa vyuo waijue sheria hiyo kwa vifungu vyake. Anayetaka kuagiza bidhaa anaweza kuomba, kabla mzigo haujapakiwa melini, uamuzi wa maandishi kuhusu kifungu kitakachotumika. Na asiyeridhika na uamuzi wa afisa ana siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya, naye Kamishna ana siku 30 za kujibu. Hesabuni wenyewe: anayengoja mpaka mzigo ufike ndipo abishane, anabishana miezi miwili huku filamu zikiwa ghalani. Aliyeuliza mapema anapokea masanduku yake bado yana uhai. Tangu mwaka 2014, chini ya mpango wa Himaya Moja ya Forodha, bidhaa zinazokwenda bara hukaguliwa na kulipiwa zinapoingia katika Jumuiya. Kwa hiyo hati iliyoandikwa vibaya Bujumbura huonekana kosa lake Dar es Salaam, mbali na mwenye mali, ambaye kila simu anayopiga inampa siku nyingine ya gharama za ghala.

Limebaki jambo moja dogo. Filamu ina madini ya fedha ndani yake. Hayo ndiyo yanayoufanya uso wake uhisi mwanga. Mwanzoni mwa Sura ya 37 imeandikwa kwamba sura hiyo haihusu mabaki na takataka. Filamu za eksirei zilizochakaa, zikikusanywa ili fedha iliyomo itolewe, huhamia Sura ya 71, kifungu cha 71.12, pamoja na dhahabu, almasi na mabaki ya vito. Wako wafanyabiashara wanaopita katika hospitali wakizinunua kwa kilo, kwa bei ya karatasi kuukuu. Mhasibu wa hospitali anayeziuza inafaa akisome kifungu hicho kabla ya kutia saini stakabadhi.