Kusameheana Nyumbani na Ujiranini: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka, Kabianga



Halmashauri imetutaka tuseme nanyi habari ya kusameheana kati ya mume na mke, ndugu na ndugu, jirani na jirani. Twashukuru kwa heshima hiyo. Kila Mkristo aliyeketi hapa ameyasikia mafundisho haya tangu utotoni, kwa hiyo hatutayarudia yote. Tutashika neno moja ambalo twaona limesahauliwa kwetu, nalo ni kwamba kosa halisameheki vizuri mpaka limetajwa na kuhesabiwa.

Tuanze na chai, maana ndiyo inayotulisha. Mkulima mdogo huandikishwa kwa namba yake, na mara nyingi namba hiyo ni ya baba wa nyumba. Mama huamka alfajiri, huchuma majani mawili na kichipukizi chake, hubeba kikapu mpaka kituo cha kupimia, mwaka mzima, kwenye jua na kwenye mvua ya mawe. Bonasi ikifika, yapata mwezi wa Oktoba, fedha huingia kwa jina la mume. Wako waume wanaorudi nyumbani na karo ya shule, Mungu awabariki. Wako na wengine warudio baada ya siku nne, mifuko mitupu. Mwaka unaofuata mama huacha kuchuma. Majani hukomaa shambani, naye huenda kulima mboga zake. Hapo ndipo wazee huitwa.

Nao wazee hufanya nini? Mara nyingi huketi saa moja, mume husema, “Mama, nimekosa,” chai hupikwa, na yule mama huambiwa asamehe kama Bwana alivyoagiza. Akisita, huhesabiwa kuwa mwenye moyo mgumu. Hakuna aliyeuliza fedha zilikuwa kiasi gani, wala karo italipwa na nani. Husemwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni mithali njema, ila tumeona kwamba humpendeza zaidi yule anayedaiwa.

Basi tufungue Injili ya Mathayo, mlango wa 18, ambao husomwa sana katika mashauri ya namna hii. Petro anauliza kama inatosha kusamehe mara saba, naye Bwana anajibu kwa hesabu isiyo na mwisho, kisha anatoa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, akatoka nje akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni la dinari 100. Wahubiri wetu hupenda kusema kwamba dinari 100 zilikuwa kitu kidogo kabisa. Sivyo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama tuonavyo katika mlango wa 20 wa kitabu hicho hicho. Kwa hiyo dinari 100 ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu. Mwulizeni mchuma chai katika mashamba makubwa kama ujira wa miezi mitatu ni kitu kidogo! Bwana hakusema kwamba deni lile halikuwapo. Lilionekana dogo kwa sababu liliwekwa kando ya talanta 10,000, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Yule mama wa chai anaposamehe, anatoa kitu chenye thamani, naye ana haki ya kuona thamani yake ikikubaliwa mbele ya watu.

Tena, kabla ya swali la Petro, mlango huo huo umekwisha kueleza njia yenyewe. Aliyekosewa amwendee ndugu yake wawili tu, amwonyeshe kosa lake. Asiposikia, achukue mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Asiposikia tena, jambo lipelekwe kwa kusanyiko. Wazee wa Kipsigis hawatashangaa, kwani ndivyo ilivyokuwa kwenye kokwet, ambako majirani waliketi wakasikiliza pande zote mbili, na aliyeonekana kukosa akatakiwa kulipa. Naye Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakuishia kwenye machozi. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Mtatuuliza: ikiwa kosa litahesabiwa na kulipwa, msamaha uko wapi? Uko katika kuacha kisasi. Hilo aliyekosewa aweza kulifanya hata kabla mkosaji hajatubu, kwa neema ya Mungu. Lakini kupatana kwahitaji watu wawili, na huweza kuchelewa. Mwanamke anayepigwa aweza kumsamehe mumewe, wala hilo halimlazimishi kurudi chini ya fimbo. Mzee anayemrudisha kwa jina la Injili anaitumia Injili vibaya.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, alituachia mfano. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere mwenyewe akakimbia kwa miguu kuvuka milima mpaka Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, akaona chuki inamla, akamsamehe Amin mbele za Mungu. Baadaye akaandika kitabu kusema kwamba anampenda. Hata hivyo hakuacha kuyataja mauaji yale hadharani, na alirudi kwao baada ya Amin kuanguka mwaka 1979.

Twalisema hili kwa sababu vijana wetu wameuliza juu ya ardhi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, na mamia yao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa, wakakaa huko zaidi ya miaka 20. Jamaa nyingi nyingine ziliondolewa kwenye ardhi ambayo leo ni mashamba ya chai. Mwaka 2022 malalamiko yalipelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisema mjini Nairobi kwamba ana huzuni na majuto kwa maovu ya wakati ule, lakini hakuomba radhi. Je, Mkristo anayedai ardhi hajasamehe? Jibu letu ni lile lile la mama wa chai. Aache kisasi, na madai yake yabaki.

Ila tukidai kwa Mfalme, tuhesabu na ya hapa karibu. Mapema mwaka 2008 wachuma chai wa makabila mengine walikimbia Kericho, na soko la Chebilat, mpakani mwa Sotik na Borabu, likateketezwa. Wakipsigis na Wakisii wote walipoteza nyumba. Wengi wamesalimiana tangu hapo na wanauziana ng'ombe. Ni wachache waliokwisha kuketi wakasema nani alichukua nini.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri iwape wazee wetu utaratibu. Aliyekosewa aulizwe kwanza, naye asilazimishwe kushikana mikono siku ile ile. Kiasi kilichopotea kiandikwe katika kitabu cha mkutano, pamoja na tarehe ya kurudishwa, na wazee warudi tarehe hiyo kuuliza. Na kwa nyumba zenye chai, twapendekeza akaunti ya benki iandikwe kwa majina ya mume na mke kabla ya bonasi ijayo. Katibu amekubali kuwasaidia wazee wasiosoma kujaza karatasi hizo.