Mkate Kwanza, Kisha Sauti: Sala na Tafakari katika Maisha ya Mwalimu

Mada iliyotolewa kwa walimu na viongozi wa walei, Kiwalani



Ndugu zetu walimu, nanyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wa Halmashauri ya Walei. Tulipoombwa kuzungumza juu ya sala na tafakari kama chakula cha roho ya mwalimu, baadhi yetu katika Tume tuliuliza kama kweli hilo ni jambo la Haki na Amani. Sisi tumezoea kusemea mishahara, viwanja, uchaguzi na rushwa. Mambo ya sala tumewaachia mapadre, watawa na vikundi vya karismatiki. Tulipolijadili kwa kirefu tuliona kwamba tumekosea kuyatenga mambo hayo mawili, na aliyetuonyesha kosa hilo ni mtoto aliyeketi darasani.

Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Elia amechoka hata anaomba afe. Mungu hamkemei wala hamhubirii. Anamwacha alale; anamletea mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji; analala tena, na tena analetewa, kwa kuwa safari iliyo mbele ni ndefu. Ni baadaye tu, katika mlima Horebu, ndipo Bwana anapomsemesha kwa sauti ndogo ya utulivu. Tunawaomba mwangalie utaratibu huo: mkate kwanza, kisha sauti. Mtu akimwambia mwalimu asali ili asahau malimbikizo ya mshahara wake, au ili avumilie kupanga chumba kimoja na watoto wanne, hajalisoma somo hilo. Sala si kifuniko cha dhuluma, na madai halali ya walimu yataendelea kuwa madai yetu.

Hata hivyo, mkate peke yake haukumfikisha Elia mwisho wa safari yake.

Hali ya madarasa yetu mnaijua kuliko sisi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi ikiwa imefutwa, watoto waliokuwa wakiachwa nyumbani waliingia shuleni kwa wingi. Na tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa mpaka kidato cha nne, wimbi likaongezeka. Sisi tunasema hilo ni jema, tena ni haki. Lakini aliyebeba uzito wa haki hiyo kwa mikono yake ni mwalimu anayesimama mbele ya umati wa watoto, huku ndege zikipita juu ya paa kuelekea uwanjani, hata sentensi inakatika katikati na kuanza upya. Mwalimu mmoja alitueleza kwamba kufikia saa tano asubuhi haoni tena nyuso, anaona kelele tu. Neno hilo lilitukaa moyoni. Mtu asiyeona tena nyuso yuko karibu sana na fimbo.

Kanuni za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko zinasema wazi: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Tujiulize kwa unyofu ni mara ngapi kanuni hiyo hufuatwa. Mwaka 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kuchapwa shuleni, na nchi nzima ikashtuka. Hatulitaji jambo hilo ili kuwahukumu walimu. Tunalitaja kwa sababu hasira ile haikushuka kutoka mbinguni siku hiyo. Hasira hulimbikizwa siku kwa siku katika moyo usiopewa nafasi ya kutua.

Hapa ndipo sala inapoingia, na wala si fundisho jipya. Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle (1651–1719), ambaye Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu wote mwaka 1950, aliwaweka ndugu zake kufundisha watoto wa maskini katika miji ya Ufaransa, katika madarasa yaliyojaa kama ya kwetu. Alifanya mambo mawili ambayo twapenda myaone kwa pamoja. La kwanza, alitaka masomo yasimame kidogo mara kwa mara, kengele ndogo igongwe, na wote wakumbuke kwamba wako mbele ya Mungu. Kisha kazi iendelee. La pili, aliweka masharti ya adhabu, na mojawapo ni kwamba mwalimu asimwadhibu mtoto akiwa amepandwa na hasira. Kwetu sisi mambo hayo mawili ni jambo moja. Kimya kile kifupi ndicho kilichompa mwalimu nafasi ya kuitambua hasira yake kabla haijafika mkononi.

Sasa, namna ya kusali. Wengi hudhani tafakari ni ya wamonaki, wenye bustani na muda. Basi tumtaje mmonaki mmoja, Padre John Main (1926–1982), Mbenediktini. Alipoirudia njia ya zamani ya sala ya kimya, aliyoikuta katika maandishi ya Yohane Kasiano wa karne ya tano, alikuwa mkuu wa shule ya wavulana huko Washington, Marekani, akiwa na shughuli nyingi kama mkuu wa shule yeyote. Njia yenyewe ni nyepesi kueleza, ngumu kudumu nayo. Keti wima, nyamaza, na urudie moyoni neno moja la sala tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye alishauri neno la Kiaramu alilolitumia Mtume Paulo mwishoni mwa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, yaani Maranatha, njoo Bwana, kwa silabi nne zenye uzito sawa. Mawazo yakikimbilia deni la dukani, hakuna haja ya kujilaumu. Rudi tu kwenye neno. Alishauri nusu saa asubuhi na jioni. Sisi, tukijua foleni ya daladala, tunasema anzeni na dakika tano, ilimradi ziwe za kila siku.

Anayependa Maandiko ashike Injili ya siku. Aisome polepole mara mbili, achukue neno moja lililomgusa, aende nalo darasani. Tunatoa tahadhari moja: katika shule za serikali mnafundisha watoto Waislamu na Wakristo pamoja, na walimu wenzenu ni hivyo hivyo. Sala hii ni ya moyoni. Haimlazimishi mtu, wala haigeuzi kipindi cha hesabu kuwa ibada.

Pengine mtu atasema mwalimu wa Tanzania hawezi kuishi hivyo. Barabara tunayopandia daladala iliitwa Barabara ya Pugu, na leo inaitwa kwa jina la mwalimu aliyefundisha Pugu tangu 1953 hadi alipojiuzulu Machi 1955 ili aitumikie TANU. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kuhudhuria Misa za asubuhi hata alipokuwa Rais, na katika uzee wake alizigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Hatusemi kwamba hakukosea. Wapo wazee wetu ambao hawajasahau jinsi shule za Kanisa, na Pugu ikiwamo, zilivyotaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Nasi tunakiri kwamba shule hizo zikawafungulia milango watoto wa dini zote. Tunachosema ni kwamba mtu mwenye mzigo kuliko wetu sote aliipata ile nusu saa ya asubuhi.

Na sasa, ninyi viongozi wa walei, mtuvumilie. Katika kila jumuiya, akitafutwa katibu, anatajwa mwalimu. Akitafutwa mwekahazina, mwalimu. Kwaya, mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kamati ya ujenzi, risala ya kumkaribisha Askofu: mwalimu, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Jumamosi yake tumeila, Jumapili tumeila, kisha Jumatatu tunashangaa kwamba anamfokea mtoto wetu. Hiyo nayo ni dhuluma, nasi ndio tunaoitenda. Tunapendekeza kwamba mwalimu asipewe zaidi ya kazi moja parokiani, na kwamba katika kila muhula walimu wapewe Jumamosi moja ya mafungo ambayo hawatachangishwa wala kuandikishwa chochote. Akina mama wa WAWATA wamekwisha kutuambia kwamba wako tayari kupika uji siku hiyo.

Kuhusu siku za kazi, tumezungumza na paroko. Kanisa litafunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kipaza sauti na bila kinanda, kwa ajili ya yeyote anayetaka kuketi kimya kabla ya kwenda shuleni. Ufunguo utakuwa kwa katekista.