Chakula Kipatanacho na Tumbo la Mbwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Halmashauri ilipotutaka tuseme jioni hii juu ya chakula cha mbwa, walikuwako waliocheka, nasi hatukuwalaumu. Katika chumba hiki husemwa habari za mishahara, na malimbikizo, na nyumba za watumishi, na watu hudhani ya kuwa mbwa hastahili kuingizwa katika shughuli za mkutano. Lakini wengi wetu tulioketi hapa tunafuga mbwa wa kulinda nyumba, na si wachache waliokwisha kuomba ruhusa ya nusu siku kwa ajili ya mbwa anayeharisha. Tena mbwa ni mtumishi asiye na chama: akipewa posho mbaya hawezi kuandika barua ya malalamiko. Malalamiko yake huyaandika uani, nasi twapita tumeziba pua pasipo kuyasoma.

Neno tunalotaka kulithibitisha ni moja. Mbwa aharishapo, desturi ya wengi ni kumbadilishia chakula papo hapo. Kisicholeta nafuu kwa siku mbili hutupwa, kikaletwa kingine, na baada ya hicho kingine tena. Tumbo la mbwa halipendi mambo hayo. Ndani ya utumbo wake mna vijidudu vingi visaidiavyo kusaga chakula, navyo huzoea kile akilacho kila siku. Kikibadilishwa ghafula huvurugika, na kuhara huzidi. Kwa hiyo mtu aweza kutumia fedha nyingi akitafuta chakula kimfaacho mbwa wake, na kule kutafuta kwenyewe ndiko kumwumizako.

Kwanza tuwaondolee wasiwasi wale wanaoona haya kwa kuwa mbwa wao hula ugali. Wako wauzaji wasemao ya kuwa mbwa ni sawa na mbwa-mwitu wa nchi za baridi (si yule wa mbuga zetu mwenye madoadoa na masikio makubwa), na kwa hiyo hapaswi kula ila nyama. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, nchi ya Sweden, walitoa habari za uchunguzi wao katika jarida la Nature. Waliona ya kuwa ile chembe ya urithi iagizayo kongosho kutengeneza maji ya kuyeyusha wanga, mbwa-mwitu anayo mara 2 tu, bali mbwa wa nyumbani anayo mara 4 hata 30. Maana yake ni kwamba mbwa, kwa kukaa na wakulima maelfu ya miaka na kula masalio yao, amepata tumbo la kuuweza wanga. Ugali basi si aibu. Ila na uwe umeiva barabara, kwani mate ya mbwa hayana nguvu ya kuanza kuyeyusha wanga kama mate yetu, na wanga usioiva humpita na kuchacha utumboni. Na pumba tupu zilizokorogwa kwa maji ya moto, jambo tulilolishuhudia katika nyumba zaidi ya moja, hizo si chakula; hujaza tumbo na kutoka karibu kama zilivyoingia.

Pamoja na ugali hutakiwa kitoweo. Hapa dagaa ni rafiki wa karani: bei yake yavumilika, na kwa kuwa mbwa humla mzima pamoja na mifupa yake laini, hupata madini ya chokaa ambayo nyama tupu haina ya kutosha. Mtoto wa mbwa alelewaye kwa ugali na nyama tupu huweza kupinda miguu. Lakini dagaa walioanikwa juu ya mchanga waoshwe maji mawili matatu kabla ya kupikwa, maana mchanga peke yake watosha kuuchokoza utumbo, na watu husingizia samaki. Mchuzi wa jana usimwagwe juu ya chakula chake: vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikiisha kupikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa huvunjika ikawa kama misumari. Mafuta mengi ya ghafula, kama yale yabakiayo siku ya sikukuu, huweza kuwasha kongosho lake, na ugonjwa huo huua.

Maziwa ni habari ya peke yake. Mbwa wetu, aitwaye Askari, aliharisha wiki tatu, leo akipona, kesho akirudia. Jirani mmoja alisema ni dagaa. Mwingine alisema ni ugali wa sembe, arudishwe kwenye dona. Mwenye duka alituonyesha mfuko wa chakula kilichotoka ng'ambo, kilo 15, kwa bei ambayo karani huisoma mara mbili. Hatukununua, wala hatukubadili kitu. Tulitwaa daftari la mistari tukalipiga safu tano, kama daftari la barua ziingiazo: tarehe, chakula, kipimo, aliyempa, na hali ya choo. Watu wote wa nyumbani walipashwa habari kwamba chochote kitakachoingia kinywani mwa Askari, hata ganda la mkate, lazima kiandikwe. Baada ya siku kumi na mbili safu ya nne ilitoa jibu. Kila palipokuwa na choo cha maji, jioni iliyotangulia palikuwa na jina la mtoto wetu wa mwisho, ambaye hakupenda uji wa maziwa na alikuwa na rafiki chini ya meza. Mbwa wengi, wakisha kuacha kunyonya, hupungukiwa na nguvu ya kuyeyusha sukari ya maziwa, na sukari hiyo huvuta maji utumboni. Uji uliondolewa; ugali na dagaa vikabaki vile vile; na choo kikashikamana siku ya nne.

Daftari hilo ndilo tunalowasihi mlianze kabla ya kufungua mfuko wa fedha. Choo chema kina umbo, huokotwa pasipo kuacha alama chini, wala si kikavu kama jiwe. Na mtu akiisha kuandika, akaona kwamba kweli chakula lazima kibadilike, na akibadilishe kwa siku saba. Siku mbili za kwanza robo iwe ya kipya na robo tatu za kile cha zamani; siku mbili zifuatazo nusu kwa nusu; siku mbili tena robo tatu za kipya; siku ya saba ndipo kipya kitupu. Kisha akae nacho. Tumbo likitaka kutengemaa, aghalabu huonyesha dalili katika wiki mbili. Ngozi yenye upele ngojeni wiki nane. Tena abadilishe kitu kimoja tu. Abadilishaye unga na kitoweo kwa pamoja, mbwa akipona hatajua ni kipi kilichomponya, na akizidiwa hatajua kilichomzidishia. Mwaka 2016 ilitolewa hesabu ya mbwa 297 ambao ngozi zao zilidhuriwa na chakula: waliodhuriwa na nyama ya ng'ombe walikuwa 34 katika kila 100, maziwa 17, kuku 15, ngano 13. Mahindi yalikuwa chini ya hivyo vyote. Basi aonaye ni heri kubadili, na aanze na kitoweo.

Wako wanachama wenye uwezo wa kununua chakula cha dukani, nasi hatuwazuii. Biashara hiyo si ngeni. Mmarekani aitwaye James Spratt alikuwa akiuza biskuti za mbwa mjini London katika miaka ya 1860. Lakini karatasi ya mfuko na isomwe kama isomwavyo hati ya mkataba. Vitu huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kizito mbele. Na hesabu ya protini isilinganishwe kabla ya kuondoa maji. Mathalan, kopo lina protini 8 katika 100 na maji 78. Mfuko una protini 24 na maji 10. Kwa macho, mfuko umeshinda mara tatu. Lakini ondoeni maji: kopo limebakiwa na 22, na 8 katika 22 ni kama 36 katika 100, mfuko umebakiwa na 90, na 24 katika 90 haifiki 27. Hatusemi kwamba kopo ni bora kwa tumbo. Twasema makarani wasishindwe na hesabu ya kugawanya.

Tumehimiza subira, lakini yapo mambo yasiyostahili subira hata kidogo. La kwanza ni mahindi yenye ukungu. Desturi imeenea ya kuchambua mahindi ya nyumbani, mema yakawa ya watoto, yaliyovunda yakawa ya mbwa. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walikufa. Ini la mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hii, naye huipokea kila siku katika sufuria ile ile. Hukataa kula, hutapika, huharisha, kisha macho na ufizi hugeuka manjano. Na mwenye mbwa husema chakula hakikumpata, labda kiongezwe chumvi. Mahindi hayo hayana mlaji. Hata kuku wasipewe, yafukiwe.

La pili ni mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu. Yamkini ni ugonjwa wa virusi uitwao pavo, uliojulikana duniani mwaka 1978, nao humaliza watoto wa mbwa kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo. Mbwa wa namna hiyo asianzishiwe daftari. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile.

Na minyoo, ingawa haikimbilii kuua, itazamwe kabla ya kulaumu chakula chochote. Mbwa mkubwa apewe dawa kila miezi mitatu, na mtoto kila wiki mbili hata atimize wiki 12. Minyoo ya mbwa huwapata pia watoto wetu wachezao uani, basi choo kiokotwe kila siku na kufukiwa mbali na kisima.

Yule ambaye amefanya haya yote na mbwa wake bado anakonda, na aende kwa daktari akiwa na daftari mkononi, pamoja na choo cha asubuhi ile katika chupa safi yenye kifuniko. Aandike juu ya chupa jina na tarehe, maana tumeona chupa zisizo na jina zikikaa dirishani siku nzima, kila mtu akikataa kuwa ni yake.

Bwana Mwenyekiti, daftari la Askari tumekuja nalo. Liko mezani kwa Bwana Katibu, kwa yeyote atakaye kunakili safu zake.