Kinywa Safi Hulinda Kifua cha Mzee

(Maneno yaliyosemwa na mhudumu wa jamii mbele ya familia zinazotunza wazee, Rumonge)



Leo nimeombwa niseme juu ya kinywa cha mzee. Najua wengine watashangaa. Tukikutana hapa huwa tunasema juu ya kipindupindu, malaria, vyandarua na maji safi. Kinywa cha mtu wa miaka 75, aliyebaki labda na meno manne, kina kazi gani katika mkutano wa afya? Naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili linatuondolea wazee nasi tunalipa jina lingine.

TUNASEMA NI BARIDI YA ZIWA

Mzee akianza kukohoa huku pwani, tunasema ameshikwa na baridi ya ziwa. Tunasema ni upepo wa usiku, au ni uzee tu. Ni kweli kwamba wengi wetu tuliteseka majini. Mwezi wa Januari 2018 maelfu ya watu kutoka Fizi walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, na wengi waliteremkia pwani hii ya Rumonge kabla ya kupelekwa kambini. Wazee nao walivuka. Kwa hiyo mzee akikohoa, ni rahisi kulisingizia ziwa.

Lakini baridi peke yake haifanyi homa ya mapafu. Homa hiyo, ambayo waganga huiita nimonia, hufanywa na vijidudu vilivyoingia ndani ya mapafu. Na kwa mzee aliye dhaifu, mara nyingi vijidudu hivyo vimetoka kinywani mwake mwenyewe.

VINASHUKAJE HADI KIFUANI?

Kooni kuna njia mbili zilizo jirani. Moja ni ya chakula, inaenda tumboni. Nyingine ni ya hewa, inaenda mapafuni. Tunapomeza, njia ya hewa hufungwa kidogo ili chakula kisipotee njia. Kikipotea, tunapaliwa na kukohoa mpaka kitoke.

Kwa mzee mwili umechoka. Anameza polepole na kikohozi chake hakina nguvu. Hali huwa mbaya zaidi kwa aliyepooza upande mmoja, kwa anayelala siku nzima, na kwa aliyepotewa na kumbukumbu. Usiku akiwa usingizini, mate yake hushuka kidogo kidogo katika njia ya hewa, wala yeye hajui.

Kama kinywa ni safi, mate hayo hubeba vijidudu vichache. Kama kinywa hakijasafishwa kwa siku nyingi, hubeba vingi sana. Angalieni wenyewe: tonge la ugali wa muhogo hubaki shavuni, majani ya sombe hubaki kati ya meno, na ulimi hufanya utando mweupe. Hapo ndipo vijidudu vinapozaliana.

Wengine huniuliza: "Huyu hana hata jino moja, tumsugue nini?" Jibu ni kwamba ufizi, ulimi na mashavu pia hushika uchafu. Asiye na meno anahitaji kusafishwa kama mwenye meno.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Katika nchi kama Japani na Marekani, wazee wengi hukaa katika nyumba maalumu za kutunzia wazee. Sisi mzee wetu hukaa na watoto na wajukuu. Lakini uzee ni mmoja, na yaliyoonekana kule yanaweza kutufundisha.

Wataalamu wa Japani walifuata wazee katika nyumba 11 kwa miaka 2, wakatangaza matokeo mwaka 2002. Waliwagawa katika makundi mawili. Kundi moja lilisafishwa kinywa na wahudumu baada ya kila mlo, na mtaalamu wa meno alipita kila juma. Kundi lingine liliendelea kama zamani. Katika kundi lililosafishwa, wazee 21 kati ya 184 walipata nimonia. Katika kundi lingine walikuwa 34 kati ya 182. Waliokufa kwa nimonia walikuwa 14 katika kundi la kwanza na 30 katika kundi la pili. Hata wazee wasio na meno walifaidika.

Ni haki niwaambie pia upande wa pili. Huko Marekani, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 kutoka nyumba 36 za wazee hayakuonyesha faida hiyo. Wale walisuguliwa meno na kupakwa dawa ya kuua vijidudu mara mbili kwa siku, na walilishwa wakiwa wameketi vizuri. Nimonia haikupungua. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akisema kwamba mswaki unazuia kila homa ya mapafu. Mswaki hauchukui nafasi ya kituo cha afya. Lakini gharama yake ni ndogo, haudhuru ukitumiwa vizuri, na mzee mwenye kinywa safi hula vizuri, huongea bila aibu na halali na maumivu ya ufizi. Hata kama faida ingekuwa hiyo tu, ingetosha.

NANI AIFANYE KAZI HII?

Hapa ndipo penye ugumu, na ni lazima tuseme wazi. Mtaalamu wa meno hawezi kuja kwetu kila juma kama kule Japani. Kwa hiyo kazi inabaki kwetu nyumbani. Na nyumbani kuna heshima. Mkwe hawezi kutia mkono kinywani mwa mkwe wake. Mtoto mkubwa anaona haya kumwambia baba yake, "Fungua kinywa." Mzee mwenyewe anaona kwamba amefanywa mtoto mchanga. Basi kila mtu ananyamaza, na kinywa kinakaa mwezi mzima bila kuguswa.

Ninaloomba ni kwamba kila familia yenye mzee ichague mtu mmoja, na mzee mwenyewe amkubali. Mara nyingi mjukuu anafaa, kwa sababu babu na mjukuu wana utani wao. Kama mzee bado ana nguvu za mikono, mwacheni ajisugue mwenyewe kwanza, kisha mjukuu amalizie pale asipofika. Hiyo ni kumsaidia bila kumvunjia heshima. Kwa mzee aliye peke yake, mtwambie sisi wahudumu wa jamii ili tutafute jirani.

NAMNA YA KUFANYA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Mwambie mzee unachotaka kufanya kabla ya kumgusa.

2. Mketishe wima. Kama hawezi kuketi, mwinue kichwa na mabega kwa nguo zilizokunjwa, au mlaze kwa ubavu. Usimsafishe akiwa amelala chali, maana maji yatashuka kifuani.

3. Tumia mswaki laini na dawa ya meno kidogo, kama punje ya njegere. Kama hakuna mswaki, mti wa kusugulia uliotafunwa ncha mpaka ukawa laini unafaa. Usitumie mchanga, majivu wala makaa, maana hukwaruza meno na ufizi.

4. Sugua polepole nje, ndani na juu ya meno, pamoja na pale meno yanapokutana na ufizi. Ufizi ukitoka damu kidogo siku za kwanza, usiache. Endelea kwa upole. Damu ikizidi au ikiendelea baada ya majuma mawili, nenda kituo cha afya.

5. Sugua ulimi kutoka nyuma kuja mbele, lakini usifike mbali hadi atapike. Pangusa mashavu kwa kitambaa safi kilicholowa. Asiye na meno, pangusa ufizi wote hivyo hivyo. Kama mzee amepotewa na akili na huuma, usitie kidole kati ya meno.

6. Ateme. Anayepaliwa usimpe maji mengi ya kusukutua. Mpanguse tu kwa kitambaa.

7. Maji yawe yamechemshwa au yametiwa klorini. Pwani yetu hii inajulikana kwa kipindupindu tangu miaka mingi. Maji yaliyochotwa ziwani moja kwa moja yasiingie kinywani mwa mzee hata kwa kusukutua.

8. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe na kuwekwa ndani ya maji safi. Japani tena, mwaka 2015, walieleza kwamba katika wazee 524, waliolala na meno hayo kinywani walipata nimonia mara mbili zaidi ya wale walioyatoa.

9. Kila mtu awe na mswaki wake. Usioshe kinywa cha babu kwa mswaki wa watoto. Uukaushe ukiwa umesimama ndani ya kikombe, na uubadilishe nywele zake zikipinda.

Fanyeni hivyo mara mbili kwa siku. Kama siku imekuwa ngumu na mara mbili haiwezekani, basi msikose ile ya kabla ya kulala, kwa sababu usiku ndio mate hushuka.

WAKATI WA KULISHA

Mzee ale akiwa ameketi, tonge dogo dogo, bila kuharakishwa. Ndagala zitwangwe au zitolewe miiba. Hakikisha amemeza kabla ya kumpa tonge lingine. Akimaliza, angalia mashavuni kama kuna kilichobaki, na akae wima nusu saa kabla ya kulala. Asiwekwe karibu na moshi wa jiko au wa kukaushia samaki, maana moshi nao hudhoofisha mapafu.

DALILI ZA KUKIMBILIA KITUO CHA AFYA

Mtoto mwenye nimonia huwa na homa kali. Mzee anaweza asiwe na homa kabisa, na hapo ndipo tunapodanganyika. Angalieni haya:

– anapumua haraka, zaidi ya mara 25 kwa dakika akiwa ametulia;
– anakohoa, au kifua kinamuuma anapovuta hewa;
– amekataa chakula ghafla, au amelegea kuliko jana;
– amechanganyikiwa, anaita watu wasiokuwapo;
– midomo au kucha zinageuka rangi ya bluu.

Mkiona mojawapo ya hayo, msingoje asubuhi wala msinunue vidonge sokoni. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nimonia ina dawa, lakini mzee hana siku nyingi za kungojea.

OMBI KWA WANAOTUSAIDIA

Neno langu la mwisho linakwenda kwa ndugu zetu wa mashirika. Vifaa vinapogawiwa, familia huhesabiwa, na miswaki ikiwapo hupewa watoto kwanza. Hatukatai, watoto ni wetu. Lakini tunaomba mzee naye ahesabiwe mswaki wake, na muuguzi anapomwangalia mzee amwambie pia afungue kinywa. Ni jambo la dakika moja. Jino bovu au kidonda kilichoonekana mapema kinaweza kutibiwa.

Sisi wahudumu wa jamii tutapita nyumba kwa nyumba kuonyesha namna ya kufanya. Tukija, msituonyeshe kitanda kilichotandikwa vizuri tu. Mtuonyeshe mswaki wa mzee, nasi tutauliza kama umelowa.

 Mwenye swali na aulize.